Anti, huyu mtoto ataacha lini?

Mwezi uliopita niligusia kidogo tu habari ya yule kijana mpiga debe ambaye siku hizi asubuhi haonekani kituoni kwa sababu anaenda kunywa dawa. Mistari mitatu tu, mkanimwagia meseji mpaka simu ikaanza kuganda. Kwaiyo leo mambo ya mawifi na mikopo ya kausha damu yasubiri, tunaongea unga, yaani heroini, na pombe mwanzo mwisho. Nimezisoma zote jamani, hata zile za matusi, na kitu kimoja kimenikaa, karibu kila meseji ina neno "lini" ndani yake. Ataacha lini, atapona lini, lini tutapumzika. Nimezifupisha, majina nimetoa na sehemu nyingine nimebadilisha mtaa ili mtu asitafutwe.

Habari za kazi dada. Mi ni mama wa watoto wanne nipo Tandika. Mwanangu wa pili ana miaka 26, kala unga miaka sita, kaniuzia kila kitu mpaka sufuria zangu za shughuli alizipeleka skrepa. Mwaka jana kuna watu wa uelimishaji walimfata maskani wakampeleka hospitali ya Temeke akaanzishiwa methadoni, ile dawa ya kunywa ya kutibu wanaokula unga. Namshukuru Mungu haibi tena, anaoga, anakula, kanenepa. Lakini kila siku lazima aende kunywa, iwe jumapili iwe mvua. Baba yake anasema huo ni unga wa serikali, katoa kete kaweka kikombe. Majirani nao hivyo hivyo, wanasema mbona mtoto wa fulani alifungiwa ndani wiki mbili akaacha. Sasa baba yake kampa mpaka mwezi wa kumi na mbili awe ameacha na hiyo methadoni au ahame nyumba. Dada, hii dawa ataacha lini?

Mama mwenzangu pole, na hongera, manake kumrudisha mtoto kwenye kuoga na kula sio kitu kidogo. Naanza na mzee, maana nahisi ndo atakayesomewa hii.

Baba, hujakosea kabisa. Methadoni ni ukoo mmoja na heroini, hilo ni kweli na daktari yeyote atakwambia, na mwili unaizoea, ukiikata ghafla arosto, yale mateso ya mwili kukosa ulichozoea, inakuja. Ila ndugu wa ukoo mmoja hawafanani tabia. Kete inapanda haraka inashuka haraka, masaa sita mpaka kumi na mbili baada ya ile ya mwisho mtu anaanza kupiga miayo, pua zinatiririka, vinyweleo vinasimama, tumbo linakata, mifupa inauma kama inapigwa nyundo, kwaiyo siku nzima ya teja ni kukimbia hiyo kitu, apate hela, apate kete, apumue kidogo, aanze upya. Hana muda wa kuwa mtoto wa mtu. Methadoni inapanda polepole na inakaa mwilini siku nzima na zaidi, na dozi ikishapatikana sawasawa haimpi stimu, inamwondolea arosto tu na ile njaa ya unga, basi. Anakunywa saa mbili asubuhi halafu ana masaa yake yote mpaka kesho. Hiyo ndo tofauti, muda. Umemrudishia mtu muda wake.

Kuna ule mfano wa mgonjwa wa sukari na insulini ambao washauri wote wanautoa, mi nimeuchoka na baba nae najua ameshausikia. Nampa mwingine. Nenda jikoni kaangalie sufuria. Zipo? Kama mwaka mzima zipo basi kuna kitu kimebadilika humo ndani na kilichobadilika sio jina la unga.

Kuhusu kwenda kila siku, hiyo dawa ni kali, mtoto mdogo akiinywa kwa bahati mbaya inaweza kumuua, na ikitoka hovyo itauzwa mtaani, ndo maana anainywa mbele ya muuguzi mpaka aonekane amemeza. Wakishamwona ametulia muda wa kutosha anaweza kuanza kupewa dozi za kwenda nazo nyumbani, aulize, asikae kimya akidhani ni adhabu ya maisha. Na hapo nyumbani ifungiwe kabatini.

Watu wengi pia hawajui ilikotokea hii huduma. Muhimbili walianza Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na hapo kwenu Temeke, leo zipo Bagamoyo, Tanga, Dodoma, Mbeya, Mwanza, na Unguja kuna Kidongo Chekundu. Haikuanza kwa huruma tu jamani. Miaka ile ya 2000 na kitu hapa Dar watu wanaojidunga walikuwa wanachangia bomba la sindano, na kulikuwa na mchezo wa kutisha, aliyepata unga anajidunga halafu anavuta damu yake kwenye bomba anampa mwenzie asiye na hela nae ajidunge hiyo damu. Eti hisani. Ukimwi na homa ya ini vilisambaa humo kama moto wa nyasi. Mtu anayekunywa dawa yake kwa kikombe hachangii bomba na mtu, kwaiyo hata wewe jirani unayecheka kile kikombe kinakulinda na wewe.

Sasa lini. Wataalamu wanasema chini ya mwaka mmoja mara nyingi haisaidii, na wapo wanaokunywa miaka mingi na wanafanya kazi zao na kulea. Anayetaka kutoka anashushwa kidogo kidogo, wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi, mwenyewe akiwa ametaka na daktari wake akiwa anamwangalia. Haishushwi kwa kalenda ya baba. Hiyo tarehe ya mwezi wa kumi na mbili inaniogopesha kuliko unga wenyewe, manake mtu aliyekaa muda bila heroini mwili wake umesahau kuibeba, akifukuzwa na methadoni akarudi maskani akapiga kipimo kilekile cha zamani, kile kipimo alichokuwa anakiona cha kawaida, pumzi inakata. Wanafia hapo wengi. Huyo mtoto wa fulani aliyefungiwa wiki mbili, sawa, arosto ya unga kilele chake ni siku ya pili ya tatu na kwenye wiki hivi inakuwa imelegea, kwaiyo alitoka mwili umetulia, lakini kichwa hakifungiwi chumbani. Muulizeni mama yake yuko wapi leo. Sisemi hawapo walioacha hivyo, wapo, ila wale ambao ilishindikana hawasimuliwi vibarazani.

Vitu viwili vya haraka. Akianzishiwa dawa za TB aseme kliniki ya methadoni siku hiyohiyo, maana kuna dawa ya TB inaitwa rifampisini inaifanya methadoni iishe mwilini haraka, arosto inarudi, mnaanza kumshuku bure kumbe ni dawa zimegongana. Na asichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi, mchanganyiko huo unalaza mtu moja kwa moja.

Halafu mwambie baba yake aende nae asubuhi moja. Asiongee na mtu, akae tu kwenye benchi aangalie foleni.

Shikamoo Anti. Mume wangu anakunywa tangu asubuhi, akikosa mikono inatetemeka hata kikombe cha chai hashiki. Pasaka kaka zake walikuja wakasema dawa yake ni kumfungia, wakamweka chumba cha nje na uji na maji. Siku ya pili akaanza kutetemeka mwili mzima, akaanguka kama mwenye kifafa, baadae akawa anaongea na watu hawapo, anafukuza wadudu ukutani. Mama mkwe akasema karogwa. Wakamtoa, akanywa akatulia. Sasa wanataka kurudia mwezi huu, wanasema safari hii hatutalegea, tutakaza. Naogopa. Kilimanjaro.

Marahaba mwanangu. Hii ningekupigia simu kama ningekuwa na namba yako. Wasirudie. Waoneshe hapa, wasome wenyewe: WASIRUDIE.

Hakurogwa. Hayo yote uliyoyaandika, mtetemo, kifafa, kuona wadudu, ndo arosto ya pombe na imeandikwa kwenye vitabu vya udaktari hatua kwa hatua. Masaa machache baada ya kukatishwa mikono inatetemeka, jasho, moyo unakimbia, degedege inaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo, na kwenye siku ya pili ya tatu ndo anachanganyikiwa na kuona vitu. Watu hawajui hili, wanadhani unga ndo mbaya zaidi kuukatisha, kumbe kwa mtu mzima mwenye afya arosto ya unga inatesa sana lakini yenyewe mara chache inaua, ya pombe inaua. Yule anayekunywa kila siku mpaka anatetemeka asubuhi hatakiwi kukatishwa ghafla nyumbani, hata kwa maombi, hata kwa kufungiwa na uji.

Mpeleke hospitali, ya wilaya inatosha kuanzia, useme hivihivi ulivyoniandikia na hasa hilo la kifafa usiliache. Kuna dawa za kutuliza kama diazepamu wanazitoa kwa kipimo na kuzishusha siku kwa siku, na vitamini B1, ambayo mlevi anakuwa ameishiwa na ikikosekana ubongo unaweza kuharibika moja kwa moja. Na mpaka mfike huko asinyimwe kabisa, najua ni ajabu Anti kukwambia mpe mumeo pombe, ila kidogo ya kumtuliza mpaka aonane na daktari ni salama kuliko kumkatisha. Akianguka tena msimpe kitu mdomoni, mlazeni ubavu, mkimbie nae.

Nitoke nje ya mada kidogo. Hivi mmeona tulivyo? Mtoto wa Tandika akionekana na kijiko cha kupikia unga tu mtaa mzima unashika mawe, huyu baba wa Kilimanjaro kanywa miaka, nyumba imeisha, watoto wamerudishwa ada, na bado kwenye shughuli anatengewa kiti cha mbele na watu wanamcheka kwa upendo, "mzee wetu huyo kashalewa". Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017 tukashangilia tukadhani kazi imeisha, mkunywaji akahamia kwenye chupa na kwenye gongo. Ugonjwa ni uleule, mmoja tunamchoma na mwingine tunamnunulia.

Asalaam aleykum Anti. Niko Muscat nafanya kazi za ndani mwaka wa tano. Mdogo wangu Unguja anakula unga. Nimemlipia soba hausi, zile nyumba za kukaa mpaka uache, mara tatu, ya kwanza alikaa miezi minne, ya pili mitatu, hii ya mwisho alimaliza sita na cheti wakampa, tukafanya na kisomo. Wiki ya tatu karudi maskani. Mama analia, kaka mkubwa anasema tumtupe tumeshamaliza wajibu wetu. Hela zangu za kiwanja zote zimeishia hapo. Tumtupe? Au kuna sehemu ambayo akienda ataacha kwa uhakika?

Waaleykum salaam mwanangu. Ya uhakika hakuna, na anayekwambia ipo anataka hela yako ya Muscat. Kule Marekani taasisi yao inayofanya utafiti wa madawa inataja asilimia 40 mpaka 60 ya waliotibiwa wanarudia, na wanalinganisha na watu wa presha na pumu ambao nao wanaacha masharti wanarudi wodini kwa kiasi hichohicho. Mgonjwa wa presha akirudi wodini mara ya tatu hatuitishi kikao cha ukoo cha kumtupa.

Nikwambie la kwangu, sijawahi kuliandika hapa. Mi nilikuwa na mdogo wangu wa kiume. Nilikuwa muuguzi tayari, navaa gauni jeupe, nawashauri watu, na nyumbani wageni wakija namwambia nenda kakae chumba cha nyuma usitoke mpaka waondoke. Nilikuwa naona aibu. Tukamtafutia nyumba ya kuacha, akakaa miezi mitatu, akatoka mzuri, kaja na mashavu, tukachinja mbuzi. Baada ya mbuzi hakuna aliyemuuliza kesho utaamka uende wapi. Siku ya kumi na moja akakutwa choo cha kituo cha basi. Alipiga kipimo cha zamani. Nilikuwa najua, mimi muuguzi, kwamba wiki mbili za mwanzo baada ya kutoka, iwe soba iwe jela, ndo za hatari kuliko zote, nilikuwa najua kwa vitabu na sikumwambia ndugu yangu kwa sababu kumwambia ingekuwa ni kama kumchulia, kama nasema utarudia. Basi nawaambia nyie. Mwambieni. Mwambieni kwa mdomo: ukiteleza usipige kama zamani, na usipige peke yako umejifungia. Kumwambia sio kumruhusu.

Kwaiyo mdogo wako yupo hai, ndo kitu cha kwanza. Cha pili, soba hausi hizi tulizonazo chanzo chake ni hukohuko kwenu Unguja, zimeokoa watu, nyingi zinaendeshwa na waliokuwa waraibu wenyewe na hawadanganyiki kirahisi, mi naziheshimu. Lakini zipo za kufuga watu. Kabla hujatuma hela tena muombe mama au kaka aende mwenyewe bila taarifa aulize, mmesajiliwa, daktari anakuja, ndugu wanaruhusiwa kuonana na mtu wao bila msimamizi kukaa pembeni, kuna mnyororo au fimbo, na swali ambalo wengi hawaliulizi, akitoka hapa mnamfatilia vipi. Wakijiumauma kwenye hilo la mwisho, hela yako irudi kwenye kiwanja.

Na cha tatu, katika hizo mara tatu kuna aliyempeleka Kidongo Chekundu kwenye methadoni? Hujaandika. Watu wengi wa soba wanaamini methadoni ni kudanganya, kwamba msafi ni asiyetumia chochote, na vijana wanabeba huo msimamo, wanaona bora kuanguka mara tano kuliko kunywa dawa. Mi sikubaliani nao kwenye hilo hata kidogo. Mtu aliyeangukia unga mara tatu baada ya kukaa kavu anahitaji kitu cha kumshika mwilini wakati kichwa kinajifunza. Na serikalini ni bure, utakachotuma Muscat ni nauli yake na chai yake, na hiyo nauli mpitishie mama, asiishike yeye, sio kwa sababu ni mwizi, ni kwa sababu noti mkononi kwa mraibu wa wiki ya tatu ina kelele.

Kiwanja chako rudi kukilipia. Unaruhusiwa. Kumpenda ndugu hakuhitaji uzeeke jikoni kwa watu.

Anti salaam, nakusoma kutoka Kisauni Mombasa. Kaka yangu yuko kwa methadoni na Ramadhani yaja, yeye ataka kufunga na wazee hapa nyumbani wasema ati mtu wa dawa saumu yake haina maana. Aiache dawa huo mwezi?

Asiache hata siku moja. Kwenu Kenya walianza hospitali ya Mathari Nairobi mwishoni mwa 2014 halafu pwani ikafata, kwaiyo hao wauguzi wameshaona Ramadhani nyingi na hilo swali sio geni kwao. Aende awaulize mapema, Shaaban haijaisha, saa zao za kutoa dawa mwezi huo zikoje, manake dozi ni moja kwa siku na inakaa masaa mengi, asijiamulie mwenyewe kuigawanya au kuruka. Zisipolingana na saumu, mgonjwa ana ruhusa yake, Suratul Baqara imelitaja wazi na shekhe wa mtaa atawaelezea vizuri kuliko mimi. Ila hilo la "haina maana" hao wazee wamelitoa wapi? Kijana aliyekuwa haogi sasa anagombania kufunga na nyie mnamkatalia mlango.

Anti naomba usinitaje. Nina miaka 22 natumia unga mwaka wa tatu, nina mimba ya miezi minne. Naogopa kwenda kliniki nitatukanwa. Rafiki yangu kasema niache leo leo kabla mtoto hajaharibika. Nimejaribu siku mbili nimeshindwa, tumbo liliuma nikahisi inatoka. Mwanza.

Mwanangu, Anti hakutukani. Rafiki yako anakupenda lakini kakosea, mimba na kukatisha ghafla haviendi pamoja, hiyo arosto ulioipata tumbo likakata inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati au mimba ikatoka. Wanachoshauri wataalamu, na hata Shirika la Afya Duniani limeandika hivyo, ni mama mjamzito aliyezoea unga aanzishiwe methadoni na aendelee nayo mpaka kujifungua. Hapo Mwanza ipo. Mtoto akizaliwa anaweza kuwa na arosto ndogo, analia sana, anatetemeka, hanyonyi vizuri, wanamwangalia hospitali na inaisha, ndo maana ni lazima wajue mapema na ujifungulie hospitali, usijifiche. Na kama hujipigi vitu vingine juu na hali yako imetulia, kunyonyesha ukiwa kwenye methadoni kwa kawaida unaruhusiwa, watakuelekeza.

Utatukanwa? Inawezekana, sikudanganyi. Nimefanya kazi kwenye hizo wodi na nimesikia midomo ya wenzangu. Mwanaume teja anaitwa mgonjwa siku wakiwa na huruma, mwanamke teja anaitwa neno lingine. Usiende peke yako, waelimishaji rika wanaozunguka maskani wapo wanawake, tafuta mmoja akushike mkono aingie na wewe ndani, muuguzi akiona kuna mtu wa pili anasikiliza mdomo unapungua. Kama huwajui piga 119, ni namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, useme tu unataka matibabu, uulize pa kuanzia. Na upime na VVU siku hiyohiyo, dawa za kumkinga mtoto zipo. Niandikie ukishafika. Nasubiri kweli.

Shikamoo Anti. Mimi ni wa Manzese, nilikula unga miaka tisa, nimeacha, methadoni nilikunywa miaka minne nikashushwa taratibu mpaka nikamaliza, huu mwaka wa tatu sinywi chochote. Nina cherehani mbili nashona sare za shule. Lakini mtaani bado naitwa teja. Simu ikipotea saluni ya jirani mimi ndo naangaliwa kwanza. Nikipiga miayo tu mteja wangu ananitazama macho. Sasa kuna binti tumependana, yeye anajua kila kitu, nataka kutuma washenga, baba yake ni mtu wa Magomeni anawajua watu wa Manzese, ataniulizia na ataambiwa. Nimwambie mwenyewe au ninyamaze? Na hivi Anti, nitaacha lini kuitwa teja?

Marahaba baba. Yako nimeiacha mwisho sio kwa bahati mbaya, wenzio wote humu wanauliza mtu wao ataacha lini, wewe umeshaacha na bado unaulizia lini.

Sina jibu la uhakika la hilo. Nimeona mtu kaacha miaka kumi na tano, kasomesha watoto, siku ya msiba wake waombolezaji wanaulizana "yule marehemu si ndo yule aliyekuwa teja". Mtaa hauna kifutio. Nilichokiona ni kwamba jina halitoki kwa kukaa kimya wala kwa kugombana na wanaolitaja, linafunikwa tu na jina lingine likizoeleka, na wewe jina lingine unalo tayari, wazazi wa shule nzima Januari wanakutafuta wewe. Weka kibao mlangoni. Fundi sare, na namba ya simu. Na hiyo saluni ya jirani, siku simu ikipotea usikimbie wala usijipekue mifuko mwenyewe kabla hujaombwa, nimeona vijana wengi mnafanya hivyo, mnatoa mifuko nje haraka haraka kama mnaomba msamaha wa kosa ambalo hamjafanya. Kaa kwenye cherehani yako endelea kushona.

Kwa mzee mwambie. Ataambiwa kwa vyovyote, na akiambiwa na mtu wa baa ataambiwa na ya kuongezea. Ila usiweke kwenye barua ya posa na usimtume mshenga ayaseme, washenga wana aibu zao watayazungusha mpaka yaonekane makubwa. Nenda mwenyewe kabla ya barua, jioni, na mtu mzima mmoja anayekujua, mjomba au huyo mshauri wako wa kliniki kama mnaonana bado, umwambie kwa kifupi nilikula unga miaka tisa, nilitibiwa, huu mwaka wa tatu, kazi yangu hii na ukitaka njoo uione. Usimsimulie ya maskani, hakuhitaji picha. Atanyamaza. Usiujaze huo ukimya kwa kuapa, wazee wakisikia viapo vingi wanaanza kushuku. Akisema hapana usigombane, mwambie binti asubiri, wengi wanasema hapana ya kwanza halafu wanaanza kupita njia ya dukani kwako kuangalia. Kwaiyo kesho asubuhi fungua mapema, mzee akipita akute cherehani inalia.